Sabuni ya Shetani

Jumatatu, 1 Februari 1926
Habari tamu! Mtumishi wa Padri Thistlewood, kasisi wa kikosi chetu, amemaliza muda wake jeshini. Nafasi iko wazi. Na kazi yenyewe! Jiko la makaa, mkate wa kuchoma wenye siagi, jozi moja tu ya viatu vya kung'arisha. Gwaride hakuna! Vidole vyangu vya miguu vimevimba kwa baridi hadi buti haziingii. Lazima niipate.

Padri ana wazimu wake. Ana daftari la majina ya utani ambayo askari na mabaharia wa zamani waliwaita makasisi. Anayo Rubani wa Mbinguni, Mkwepa Shetani, Joe Mtakatifu. Leo katangaza: atakayemletea jina la kale asilokuwa nalo, pamoja na ushahidi, kabla ya Jumapili, kazi ni yake.

Jumanne, 2 Februari
Snell, wa kitanda cha jirani, kamwandikia barua mjomba wake aliyepigana India. Barua! Mjinga kweli. Mimi jina nimelitunga mwenyewe nikimenya viazi: Sabuni ya Shetani. Kasisi si anasafisha dhambi? Zuri mno. Nilikaribia kulia.

Jumatano, 3 Februari
Nilimweleza Padri kwamba babu yangu, baharia, alilitumia sana. Akauliza alikuwa meli gani. Nikababaika, nikataja kikosi cha wapanda farasi. Padri alikohoa kwa muda mrefu. Akasema kwa upole angefurahi kuona kitu kilichoandikwa.

Kilichoandikwa! Basi kitaandikwa.

Alhamisi, 4 Februari
Nimechonga kwa msumari kwenye ukuta wa vyoo, nyuma ya mlango wa mwisho: SABUNI YA SHETANI, yaani KASISI WETU, 1809. Nikapaka masizi na chai ya jana. Limezeeka vizuri sana, hata mimi karibu niamini. Snell kauliza kwa nini nimekaa chooni saa nzima. Nikamjibu ni ile supu.

Ijumaa, 5 Februari
Siku nyeusi. Nilimleta Padri vyooni, na nusu ya kikosi ikatufuata kushuhudia. Padri akavaa miwani, akainama, akafurahi kama mtoto. Nilianza kusikia harufu ya siagi. Ndipo akaja Sajini Pargeter. Akatazama ukuta, akatoka nje, akaniita. Akaniamuru nisome kwa sauti jiwe lililo juu ya mlango.

Vyoo vimejengwa mwaka 1911. Miaka miwili mizima napita chini ya jiwe hilo!

"Kwa hiyo aliyeandika alikuja kujisaidia hapa miaka mia moja kabla ya choo kujengwa?" akanguruma Sajini. "Alijibana kweli kweli!"

Nikasema, "Ndiyo, afande." Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Jumamosi, 6 Februari
Nimesugua ukuta tangu alfajiri. Kisha vyoo vyote kumi na viwili, kwa kuwa Sajini alikuwa na nafasi ya kunisimamia. Kila anayepita anachungulia: "Hujambo, Sabuni ya Shetani! Sugua na kona hiyo, ndugu yangu!" Hata mpishi. Vidole vya mikono navyo sasa vimevimba. Naona uchungu, nakiri.

Barua ya mjomba wa Snell imefika. Huko India walikuwa wakimwita kasisi Mzee wa Amina. Mjomba kaambatanisha na picha yenye maandishi nyuma.

Jumapili, 7 Februari
Snell kapata kazi. Kaja kunionyesha mdomo wake uking'aa siagi.

Tulipopanga mstari kwenda ibada ya kijijini, kikosi kizima kiliniita kwa jina langu jipya, na Padri akatoa daftari akaandika. Moyo ukaruka! Nikanyoosha shingo nisome. Ameandika: "Sabuni ya Shetani. Askari asafishaye vyoo. Halihusu makasisi."

Haidhuru. Snell hatadumu, anakoroma hata kwenye mahubiri. Na leo, wakati wenzangu wanaimba, nimegundua kitu. Ukuta wa kanisa la kijiji ni wa jiwe laini, msumari utateleza wenyewe. Safari hii nimesoma kwanza maandishi ya mlangoni: limejengwa 1742. Nani kasema mimi sijifunzi?

Nitachonga 1700, pasiwe na shaka kwamba ni la kale.