Komeo la Chembe Kubwa

Ilitangazwa rasmi kwamba chuma chote cha pua chenye manganizi nyingi sasa kitatengenezwa kwa chembe kubwa tu, yaani zile punje za ndani zinazokiunda. Taifa kubwa, alisema Mkurugenzi wa Chuma, haliwezi kusimama juu ya vichembe vya kutafutwa kwa hadubini.

Shemeji yake, mhandisi wa tanuri, alimfuata ofisini.

"Shemeji, chembe ndogo zina kuta nyingi. Ukigonga, mpangilio wa ndani haubadiliki ovyo. Chembe kubwa ni uwanja mtupu. Gonga kidogo tu, ndani kunajipanga upya, na kila pigo linazidisha ugumu."

"Kunajipanga upya kwa kibali cha nani?"

Jioni ukatoka waraka: ni marufuku chuma kubadilika, au kubadilishwa kwa msumeno au moto, bila kibali. Mwombaji afike mwenyewe kwenye dirisha la vibali, ghorofa ya chini. Mkurugenzi aliusoma tena na tena, akajipenda.

Ikafika siku ya Waziri kuja kumwapisha kuwa Katibu Mkuu, cheo alichokiota hadi mkewe akachoka kukisikia. Alijifungia ofisini afanye mazoezi ya hotuba. Komeo lake jipya, la chembe kubwa, lilikuwa zito kidogo, akaligonga kwa nyundo ya sherehe za uzinduzi iliyokuwa mezani hadi likazama.

Kulitoa, likagoma. Akagonga. Likazidi kugoma. Akagonga kwa hasira, na nyundo ikaanza kudunda kama mpira. Jasho likamtoka, maana chini bendi ilishaanza kupiga.

Akaitwa fundi wa kuchomelea na mtungi wake wa gesi. Kabla hajawasha moto, karani wa dirishani akamshika mkono. Karani huyu aliajiriwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu hapindishi mambo.

"Kibali?"

"Kata hilo komeo!" Mkurugenzi alinguruma ndani. "Vibali natoa mimi!"

"Ni kweli, mzee. Ila mwombaji afike mwenyewe dirishani."

Waziri alitazama saa. Alikuwa na kikao kingine, na kiapo kilikwishachapwa. Akauliza nani yuko karibu. Kupitia dirisha la ofisi yake Mkurugenzi alisikia sauti anayoijua ikiapa, kisha vigelegele, na roho ikamuuma kwelikweli.

Baadaye kidogo viatu vikapanda ngazi.

"Shemeji," Katibu Mkuu mpya alisema mlangoni, "waraka wako nimeusoma. Umekamilika. Sibadilishi hata nukta."