Makao Makuu Yetu Yako Jangwani

Jumatano, 2 Julai 2025

Nimetoka kwenye semina ya fursa, hotelini mjini. Mada: miradi ya serikali inayolipiwa na wafadhili wa nje. Kumbe watu wanakula huko! Bonde la Jangwani litatengenezwa upya. Mto utachimbwa, nyumba zilizobaki zitaondolewa, bustani itapandwa. Kilichonifanya niache sambusa njiani: kazi ndogondogo wanapewa kwanza wakazi wa bonde.

Mimi naishi Kariakoo, chumba kimoja na mke wangu Najma. Lakini dada Mboni yuko Jangwani, na ndiye aliyenilea mle ndani tangu mama alipofariki. Mkazi ni nani kama si mimi?

Najma kauliza inakuwaje dada yangu anahamishwa halafu mimi naona fursa. Hana jicho la biashara.

Ijumaa, 4 Julai

Kibao kimetundikwa ukutani kwa dada: HARUNA MATAIFA KAMPANI, MAKAO MAKUU. Mwenyekiti wa mtaa kakiona, kagonga muhuri barua ya ukazi.

Dada kauliza kibao cha nini. Nimemwambia ni mambo ya makaratasi. Akarudi kwenye vitumbua vyake kibarazani. Fidia alishapokea, vyumba viwili Chamazi ameshaezeka, ila kila wiki anasema atahama wiki ijayo. Nyumba hii aliijenga na marehemu shemeji Ismail. Mafuriko yakaiangusha, wakaijenga tena. Shemeji alipofariki ndipo akaanza vitumbua, na kwa vitumbua hivyo nikasoma. Sikumharakisha. Kampuni inahitaji anwani.

Pantaleo, jirani yangu wa fremu ya duka Kariakoo, anayeuza mabuti na kofia ngumu, kacheka mpaka wateja wake wakageuka. Wivu tu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Wenzangu wako kwenye maonyesho, mimi niko matopeni kwa mhandisi Elieshi, mama mmoja mpole wa upande wa mkandarasi. Kauliza kama kampuni ina vifaa. Nimemjibu vipo vya kutosha. Kuna nyundo moja kubwa, ya Pantaleo, na hajui kama ninayo.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata! Kubomoa kwa mikono na kuondoa kifusi, safu moja ya nyumba kando ya mto. Nimesaini kila ukurasa kwa mbwembwe. Jioni nikamletea Najma chipsi kuku. Akauliza ni safu ipi. Kusema kweli sikuwa nimesoma. Nikasoma.

Nyumba ya kwanza kwenye safu ni ya dada Mboni.

Najma kasukuma sahani, kaenda kulala. Chipsi zikapoa. Nilizila baadaye, ila hazikuwa na ladha.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwomba mhandisi anibadilishie safu. Kasema zote zimeshagawiwa, na nikiiacha litaletwa kesho lile tingatinga la kijiko, na dereva wa kijiko hasubiri mtu atoe vyombo. Basi bora mimi. Nimejiambia hivyo njia nzima hadi kwa dada.

Nilikwenda kumweleza. Nikakaa kibarazani, nikaongelea joto, nikaongelea bei ya mchele. Nikaaga. Hata alikuwa amenifungia vitumbua vya Najma.

Jumatano, 16 Julai

Tulifika asubuhi, mimi na vibarua. Dada alikuwa kibarazani, kikaango kiko motoni. Nilimwamkia. Kaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha kauliza kama ni mimi ninayebomoa. Nikamwambia ni kampuni, dada.

Akatazama kibao, akanitazama mimi.

“Basi anzeni nyuma,” alisema. “Huku mbele niachieni nimalize kukaanga.”

Tukaanzia nyuma. Nyundo ya kwanza niliipiga mwenyewe, mkurugenzi lazima aonekane. Ukuta ule ni wa chumba nilichokuwa nalala, karibu na dirisha lisilofungika, ambalo shemeji alikuwa akiliziba kwa gunia wakati wa mvua ili nisilowe. Nyundo ya pili nilimpa kibarua. Nikasingizia vumbi.

Dada aligeuza vitumbua huku paa la nyuma likishuka. Alipomaliza akawaita vibarua wote wale. Kanipa na mimi. Nilikiweka mfukoni.

Tena nani anakuja na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo? Pantaleo! Kafunga fremu mchana kweupe, kaja kuhamisha mizigo ya dada. Hakuna aliyemwita. Nyundo yake kaiona, kairuka, kaingia ndani kubeba. Wakapakia kitanda, mapipa, jiko. Dada akapanda mbele. Nikasema nitawafuata. Kasema leo hapana, Haruna. Leo niache.

Wakaondoka. Tukamalizia kibaraza.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kuomba safu ya pili. Mhandisi Elieshi kaniuliza kwa upole kampuni iko wapi. Nikasema Jangwani, makao makuu. Kauliza nyumba ipi. Nikatoa barua ya ukazi. Kasema awamu ijayo ni ya wakazi wa bonde, na mimi sasa si mkazi, kwani makao makuu nimeyabomoa kwa mkono wangu. Kasema pole. Alimaanisha, ndicho kilichoniuma.

Malipo ya safu ya kwanza yameishia kwa vibarua na gari la kifusi.

Dada hapokei simu. Najma anaongea naye kila siku, chumbani, mlango umefungwa.

Jumapili, 20 Julai

Sikulala vizuri. Nimewaza mengi kuhusu dada, na namna nilivyomtumia bila kumuuliza. Niliona wazi kwamba nimekosea. Nikaamua kwenda Chamazi kumwomba radhi, mikono miwili. Najma kafurahi, kanipigia pasi kanzu.

Nikiwa nangoja kanzu, nimesikia kwa wauza mitumba habari njema. Chamazi kuna barabara inakuja! Fedha za nje, lami, mifereji, taa. Mkandarasi atatafuta mahali pa kuweka kokoto na mitambo, na dada ana kiwanja kipana upande wa mbele, hajapanda hata mchicha.

Nimenunua unga wa mchele, mafuta na iliki. Nitaingia taratibu. Nitaomba radhi kwanza, kwa moyo wangu wote. La kiwanja nitalitaja baada ya chai.