Uma Mrefu na Heshima ya Mama Mkwe

Antony Kithaka,
Kanyakine.
12 Juni 2025.

Kwa Bwana Njagi,
Mkaguzi wa Pikipiki,
Uwanja wa Nkubu.

KUH: KUKATALIWA KWA PIKIPIKI YANGU YENYE UMA MREFU

Bwana Njagi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na futi yako ya kupimia ikiwa karibu, kwa maana utaihitaji.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka ishirini na sita nimeandika habari za Meru na Embu, na katika muda huo nimelazimika kuomba radhi gazetini mara mbili tu. Nataja hili ili ujue kwamba kila kipimo kilicho humu nimekipima mwenyewe.

Jumatatu tarehe 2 Juni nilileta mbele yako pikipiki ambayo ilitoka kiwandani ikiwa ya kawaida, ya aina ile inayobeba watu na mkaa katika kila kona ya kaunti hii. Sasa uma wake wa mbele, yaani zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu, umeongezwa sentimita 41 na kulazwa. Fremu imerefushwa. Kiti changu kimeshushwa, na cha abiria kimesogezwa nyuma kikawekewa egemeo. Vijana wanaiita chopa, jambo lililoleta mkanganyiko, kwa sababu huku kwetu chopa ni ile ya wanasiasa, inayotua kwenye uwanja wa shule na kupeperusha mabati. Uliikataa. Uliandika kwamba isiguse barabara, na kwamba kufikia Jumatatu tarehe 16 iwe imerudishwa ilivyokuwa, la sivyo namba yake itang'olewa.

Jumanne tarehe 17, siku moja tu baadaye, mama mkwe wangu anatakiwa kliniki ya presha mjini Nkubu. Pikipiki hiyo ndiyo njia yake pekee ya kufika. Amekosa kliniki mbili mwaka huu, na muuguzi ameandika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake kwamba asikose tena. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maelezo, nayo nimeyapa nambari.

1. Fomu yako haitambui nthoni.

Mahali palipoandikwa "Sababu ya mabadiliko" pana visanduku vinne: mizigo, ulemavu, biashara na matangazo. Mimi niliandika pembeni, kwa herufi kubwa, NTHONI. Ukalipiga mstari neno hilo.

Bwana Njagi, wewe ni mtu wa Embu. Mimi nilizaliwa Siakago, Embu hukohuko. Hakuna kati yetu anayehitaji kufundishwa kwamba nthoni ni ile heshima iliyopo kati ya mtu na wakwe zake, na kwamba mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hampi mkono, wala hamtaji jina. Ndiyo maana jina lake halimo katika barua hii. Utalisoma mwenyewe kwenye nakala ya kadi ya kliniki niliyoambatisha. Nimeishi na mke wangu, Karimi, miaka kumi na sita, na muda huo wote mimi na mama yake tumezungumza kupitia kwake, hata tukiwa chumba kimoja.

"Karimi, ambia mkwe wangu chai inapoa."

"Karimi, ambia mama nimeiona."

Tumeishi hivyo bila kosa lolote. Kisha tarehe 11 Machi bodaboda iliyokuwa imembeba yeye na wengine wawili iliteleza kwenye matope, akaumia goti. Tangu siku hiyo anakaa kwetu. Hawezi kutembea hadi kwenye lami kungoja matatu, na waendeshaji wote wa stendi yetu amewakataa, mmoja mmoja, kwa majina. "Hao ni watoto wa haraka," alimwambia Karimi. "Mimi nitabebwa na mkwe wangu ama nife nikiwa hapa kwa kitanda yangu. Yeye anaendesha kama mtu amebeba mayai."

Unaona tatizo. Kwenye pikipiki ya kawaida, kati ya mgongo wa mwendeshaji na kifua cha abiria mna sentimita sifuri. Kwenye mteremko ni chini ya sifuri.

2. Ulipima kisichohusika.

Ulipima kutoka ekseli hadi ekseli, ukapata sentimita 178, ukapiga mluzi. Hukupima kati ya kiti na kiti. Ungepima ungepata 64, na 64 haikutoka hewani. Karimi alisimama katikati ya uwanja wetu, akamweka mama yake upande mmoja na mimi upande mwingine, akanisogeza nyuma hatua kwa hatua mpaka akasema, "Hapo hata babu yangu hangeteta." Ndipo nikaweka futi. Sijui kipimo kingine katika ofisi yako ambacho kimepatikana kwa uangalifu wa namna hiyo.

3. Uliandika neno "urembo".

Kwenye nafasi ya maoni uliandika: "Mabadiliko ya urembo." Nakanusha. Nina miaka hamsini na mitatu na koti moja. Kila badiliko lililofanywa kwenye pikipiki hiyo lilisababishwa na lililotangulia, kwa mpangilio huu.

Tarehe 22 Aprili nilijaribu njia rahisi. Niliweka gunia la viazi vya Kibirichia kati yangu na mama mkwe. Viazi vilikaa vizuri, na heshima pia. Lakini karibu na Nkubu askari wa trafiki alitusimamisha. "Mzee, chagua moja," aliniambia. "Ni mizigo ama ni abiria?" Nikamweleza kwamba ni ukuta. Aliturudisha nyumbani, na hiyo ikawa kliniki ya pili kukoswa. Ya kwanza, ya tarehe 25 Machi, goti lilikuwa bado limevimba na sikuwa nimefikiria viazi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Mukiri, fundi wa kuchomelea hapo Nkubu, nikamwomba asogeze kiti cha abiria nyuma. Alikisogeza. Tulipoijaribu kwenye kilima cha kwetu, Mukiri akiwa amekaa nyuma badala ya mama mkwe, gurudumu la mbele liliacha ardhi. Mukiri alishuka kwa kuruka. Alipoinuka alinieleza kisayansi: uzito ukienda nyuma, mbele lazima pawe parefu na pazito ili pikipiki isisimame wima kama mbuzi anayekula majani ya mti. Kwa hiyo uma ukarefushwa. Uma ukirefushwa, fremu inainuka, kwa hiyo fremu ikalazwa. Fremu ikilazwa, usukani unakwenda mbali, kwa hiyo usukani ukapandishwa, na ndiyo sababu mikono yangu inakuwa juu kama ya mtu anayejisalimisha. Hakuna hapo hatua moja iliyochaguliwa kwa ajili ya kupendeza. Ikiwa matokeo yanapendeza, hilo ni jambo lililotokea lenyewe.

4. Hukupata kosa, lakini ulikataa.

Naomba tukumbushane ulichokagua. Taa ya mbele: inawaka. Indiketa nne: zinawaka. Breki mbili: zinashika, nawe ulizijaribu mara tatu kwa matumaini ya kinyume. Vioo vya pembeni: viwili. Namba: inasomeka. Bima: imearifiwa juu ya mabadiliko, na barua yao ipo. Mhandisi mwenye leseni alikagua viungo vyote vya kuchomelewa akatia sahihi. Helmeti mbili, jaketi mbili za kuakisi. Nimeandika habari za ajali katika barabara hii tangu kabla haijapanuliwa, na sijawahi kuona pikipiki yenye karatasi nyingi kiasi hicho.

Ulichobaki nacho ni kona. Uliniambia nigeuze ndani ya mistari ya chokaa. Nakubali kwamba niligeuza kwa awamu nne, na kwamba katika awamu ya tatu gurudumu la mbele liliingia kwenye kibanda cha mama wa chai. Lakini hakuna aliyeumia, na mandazi yalilipwa. Barabara ya kwenda kliniki ina kona mbili tu, na zote mbili nazijua.

5. Maneno yaliyosemwa.

Karani wako aliuliza mbele ya watu, "Boss, hii ni pikipiki ama ni ngazi?" Mwendeshaji mmoja wa bodaboda akaongeza, "Mzee, gurudumu yako ishafika Chuka, wewe bado uko hapa." Watu walicheka. Wewe pia, Bwana Njagi, ulicheka, kisha ukaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba unanifanyia hisani, "Ndugu yangu, hata mimi niko na mama mkwe. Huyo wangu huwa namuitia teksi."

Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kumi. Teksi haifiki kwetu mvua ikinyesha, na mwezi huu kumenyesha. Lakini hata ingefika, umekiri kwamba unalo tatizo lilelile, kwamba unalitatua kwa siri, na kwamba unamkataza mwenzako kulitatua hadharani. Hilo, kama ningekuwa naandika habari wala si barua, ndilo ningeliweka kwenye aya ya kwanza.

6. Ninachoomba.

Kwa kuwa kasoro hii haiwezi kuwa ya pikipiki yangu peke yake, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo, kwa utaratibu huu au mwingine utakaoona unafaa.

Kwanza, kisanduku cha tano kwenye fomu. Pili, pikipiki zote zinazobeba wakwe zipimwe kati ya kiti na kiti, na zisizofikisha sentimita 64 zirefushwe uma kwa muda maalumu. Tatu, siku za Jumamosi, wakati wa ruracio, yaani kupeleka mahari, mabwana harusi wakiwa wengi barabarani na mama wakwe pia, wawekwe maofisa wawili wenye futi kwenye njia panda ya Kanyakine. Nne, jambo hilo likishakubalika kwa pikipiki, sioni tutakavyoyaacha matatu, ambamo nimewahi kuona mwanamume mzima amekaa goti kwa goti na mama mkwe wake kuanzia Meru hadi Embu, akiangalia dirishani kwa saa tatu bila kupumua. Matatu yapanuliwe. Barabara itafuata. Kanisa lenyewe litaona aibu ya mabenchi yake.

Natambua kwamba mambo haya yatachukua muda. Kwa hiyo, kwa sasa, naomba jambo moja tu: amri yako iondolewe kabla ya Jumatatu, ili Jumanne saa mbili asubuhi mama mkwe wangu akae kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, katikati yetu pawe na hewa, na presha yake ipimwe.

Nisalimie karani wako, ambaye simchukii. Nisalimie mama wa chai na umwambie kibanda nilikiegemea tu. Nisalimie maofisa wote wa uwanja, mkeo na watoto, na mama mkwe wako, kwa umbali unaostahili.

Ni mimi, mtii wa sheria za barabara na za nyumbani,

Antony Kithaka.

TANBIHI: Kabla ya kuitia barua hii kwenye bahasha nilimsomea Karimi jikoni ili ahakikishe tarehe. Nilipofika lalamiko la kwanza aliweka sufuria chini. Akaniuliza kama sijui kwamba mbuzi wa kuondoa nthoni alichinjwa hapa Kanyakine tarehe 27 Desemba 2012. Sikujua. Siku hiyo nilikuwa Embu nikiandika habari ya lori la miche ya makadamia lililopinduka. Karimi anasema wazee walinisubiri hadi saa tisa, wakaendelea bila mimi, na bega la mbuzi huyo, ambalo ndilo taarifa yenyewe, wakamkabidhi ndugu yangu aniletee. Nimempigia ndugu yangu simu. Anasema barabara ilikuwa ndefu.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, na amesikia yote. Alikuja akichechemea hadi mlangoni akaniambia mimi, si Karimi: "Kwani hukupata bega?" Nikasema sikupata. "Miaka kumi na mbili mimi najua ni harufu ya ng'ombe zangu unakimbia," akasema. Akanyoosha mkono. Nimeushika.

Kisha aliuliza kama sasa anaweza kukaa karibu, kwa sababu kule nyuma hakuna cha kushika, na tarehe 20 Mei, nilipompeleka kwa mara ya kwanza na uma mrefu, alifumba macho kuanzia kilima cha kwetu hadi hospitalini, akimwomba Mungu amchukue upesi. Presha yake siku hiyo ilikuwa juu, na mimi niliilaumu miezi miwili aliyokosa.

Malalamiko yote matano, pamoja na maombi yake, nayaondoa. Mukiri ataikata pikipiki Jumatatu asubuhi, na Jumanne mama atafika kliniki akiwa amenishika kiuno.

Nimebaki na ombi moja, na sina sababu ya kuambatanisha nalo. Naomba kibali cha Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kutoka Nkubu hadi Embu na kurudi. Sitabeba abiria.