Jinsi Gari Jeusi Lilivyokaushwa Pasibaki Doa

Sogeeni, nyote mliowahi kushika ndoo, nanyi ambao hamjawahi, mkae mahali ambapo hakuna neno litakalowapita, maana ninaandika habari za vita vilivyopiganwa uani kwetu, kati ya ukuta wa jikoni na lango la bati. Chanzo chake ni Jumatatu ile baba alipokwenda kazini kwa miguu, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha naye hakutaka matope yaliguse gari lake, akaanguka mbele ya ofisi ya posta, asirudi tena.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na jeusi, na waliolipita njiani walidhani ni jipya. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa baba aliliosha na kulikausha, wala haukuonekana juu yake mchirizi au alama ya tone. Hakutaka msaidizi. "Mtanichanganya," alikuwa akisema. Basi alipoondoka aliondoka na elimu yote, na gari likakaa uani majuma saba likivikwa vumbi, na juu ya vumbi hilo paka wa jirani akapiga chapa nyayo zake kuanzia boneti hadi paa.

Jumamosi ya juma la saba ndipo alipotufikia baba mdogo, mkaguzi wa mizani sokoni, mwenye jicho lisilosamehe, ambaye wauza nyama wakimwona kwa mbali hukumbuka wana shughuli nyuma ya duka.

"Shemeji," akamwambia mama, "kila nikipita hapa nikaliona gari la kaka liko hivi, sipati usingizi. Kesho nitalichukua nikalitunze mwenyewe."

"Lichukue," mama akasema, akaendelea kukunja nguo.

Siku hizo mama alikubali kila kitu. Tulipouliza kama tuhamishe kiti cha baba, alikubali. Nilipompelekea chai niliyosahau kuitia sukari, aliinywa mpaka mwisho. Nami niliogopa, si kwa ajili ya gari, bali kwa sababu niliona kwamba likitoka lango lile kwa neno moja tu, mama ataachilia na vingine vyote, kimoja kimoja, na mwisho ajiachilie mwenyewe.

Ndipo akainuka kaka yangu, mshona viatu mashuhuri wa mtaa, bwana wa gundi na sindano, aliyezirudisha duniani soli zilizokwisha kukatiwa tamaa. Akanena:

"Baba mdogo, mbele yako, na mbele ya ndoo hizi mbili, natamka: gari la baba halitatoka hapa kwa kukosa mtunzaji. Njoo kesho saa kumi. Ukiona juu yake mchirizi mmoja, ondoka nalo."

"Na doa la maji?"

"Hata doa la maji."

"Unaongea kama redio," baba mdogo akasema. "Haya, saa kumi."

Jumapili ikafika. Kaka alingoja mpaka saa sita mchana, jua likiwa utosini, kwa hoja kwamba jua ni mkaushaji asiyetaka ujira, nami nikamfuata nikiwa nimebeba ndoo.

"Gari ni nini, mdogo wangu," akasema akiikunja mikono ya shati, "kama si kiatu kikubwa cha familia?"

Na kama kiatu ndivyo alivyoliendea. Aliipaka sabuni boneti yote, akaizungushia kitambaa kwa miduara midogo midogo, akaipulizia pumzi ya moto, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama inang'aa. Haikung'aa. Jua lilikuwa limekwisha kuikausha sabuni kabla sijaleta maji, na boneti ikabaki na mizunguko na michirizi kama sahani iliyooshwa na mtu mwenye hasira.

"Adui ameturudisha nyuma," kaka akasema.

"Adui gani? Ni wewe na hiyo miduara yako."

Tukalisukuma hadi kivulini, kando ya ukuta, tukafungua mpira wa maji na kuliosha upya lote, kisha kaka akaenda kuleta taulo. Michirizi ilikimbia. Lakini kabla taulo halijafika, maji yalianza kujikaukia yenyewe, na kila tone lilipokufa liliacha pete nyeupe, moja, kumi, mia, mpaka mlango wa dereva ukawa umejaa kambi za jeshi lisilohesabika. Kaka alifuta, hazikufutika. Ilikuwa saa nane na nusu. Shujaa wetu akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Tumeshindwa na maji yenyewe," akasema, na safari hii hakuwa anahutubia.

"Hayo ni maji ya bomba," sauti ikasema.

Tuligeuka. Mama alikuwa kwenye dirisha la jikoni, sufuria mkononi.

"Maji ya bomba yana chokaa. Hamjaona birika lilivyo ndani? Baba yenu alimalizia na maji ya mvua, ya lile pipa la nyuma."

"Mama, umejuaje?" nikauliza.

"Miaka kumi na tisa naosha vyombo kwenye dirisha hili. Ulidhani nilikuwa naangalia nini, ukuta?" Akamtazama kaka. "Na wewe acha kuzungusha mkono. Unapaka rangi ya kiatu?"

Akatoka. Sikumbuki kama alivaa viatu. Alizilowesha pete zile kwa maji ya mvua mpaka zikafutika, kisha akaniambia nichote pipani kwa jagi, nimwage polepole kuanzia juu, nisirushe, na maji yakateremka pamoja kama shuka linalovutwa kitandani, yakiondoka na matone yote. Kisha akalitandaza taulo juu ya paa, akashika pembe zake mbili, akalivuta kuelekea kwake bila kukandamiza, mara moja tu, na nyuma ya taulo lile weusi ukabaki mkavu na mtupu. Akafungua milango, akafuta kingo ambamo maji hujificha. Alipofika kwenye kioo cha pembeni alikipiga kofi.

"Toa ulichoiba," akakiambia.

Kikatoa matone manne.

"Ndivyo alivyokuwa akikiambia," mama akasema. "Kila Jumamosi. Mtu mzima na akili zake." Akacheka kidogo, kisha akasimama kwa muda na taulo mkononi, nasi tukamwacha asimame.

Saa kumi kamili lango likalia. Mkaguzi wa mizani alilizunguka gari mara tatu. Aliinama akalitazama kwa ubavu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akapitisha kidole chini ya kioo cha pembeni, akakitazama kidole.

"Nani amelikausha?"

"Mimi," mama akasema.

"Wewe, shemeji?"

"Sasa nani? Huyu alikuwa analisugua kama kiatu."

Baba mdogo aliinama tena. Uso wake ulionekana wote kwenye boneti, na bila shaka aliuona, maana ni uso wa kaka yake.

"Basi niambie wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nilichukue, nisilichukue?"

"Usilichukue," mama akasema.

Na iandikwe, kwa ajili ya watakaozaliwa katika nyumba hii na kwa majirani wote waliochungulia, kwamba siku hiyo, kwa jagi moja, taulo moja na pipa la mvua, gari jeusi lilikaushwa likawa halina doa, jeshi la chokaa likasambaratika, na saa kumi na dakika kumi na mbili mama yetu akakataa jambo kwa mara ya kwanza baada ya majuma saba.

Siku hizi gari huoshwa kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijaingia uani. Mimi namwaga maji, mama anakausha. Kaka ameachiwa magurudumu.