Msomaji Aliyemaliza Mahindi ya Nchi

Chemchem, Tabora
3 Novemba 1974

Ndugu Katibu wa Kamati ya Wasomaji wa Vipofu,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi Alois Shilinde, kipofu na mwanachama hai, naleta mashtaka dhidi ya Bi. Batuli, msomaji mliyeniletea mwezi uliopita badala ya Ndugu Hilari mliyempandisha cheo.

1. Amevuruga uchumi. Enzi za Hilari kila gazeti lilikuwa na mvua na maghala yaliyofurika. Batuli ameshika gazeti wiki moja tu, mahindi ya nchi nzima yamekwisha! Sukari nayo. Nilikuwa nimemwita Kassamali wa dukani mlanguzi mbele ya wateja wake, aliponiambia sukari hakuna, kwa kuwa Hilari alinisomea kwamba sukari imejaa tele. Sasa imebidi niende dukani kumwomba radhi, mtu mzima mimi.

2. Hachagui. Anasoma mpaka tangazo la sabuni, mpaka jina la mpiga chapa. Hilari alikuwa na huruma. Penye ubaya alikohoa, akaruka.

3. Hili ndilo linaloniumiza. Binti yangu Maua aliolewa, akahamia na mumewe kijiji kipya cha ujamaa. Aliponisomea Hilari, barua zote za Maua zilisema, "Sisi wazima, twakusalimu," nami nikamjibu, "Vizuri, mwanangu, endeleeni hivyo hivyo." Juzi imekuja nyingine, Batuli akaisoma: "Shikamoo baba. Tangu nifiwe na mume wangu nakuomba nirudi nyumbani na watoto, nawe wanijibu tuendelee hivyo hivyo. Sitakusumbua tena." Jamani! Mzee anasomewa maneno kama hayo kavukavu, bila hata kikohozi?

Kwa hiyo naomba Batuli ahamishiwe mahali pasipo na maandishi, na Hilari arudishwe. Ikishindikana, Kamati iagize mashine ya kusoma, hata iwe ya Ulaya, mradi iwe na swichi ya kuruka mabaya.

Nisalimieni wajumbe wote, Hilari mwenyewe, na wakubwa ambao nasikia sasa anawasomea ripoti za vijijini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Alois Shilinde
(dole gumba)

N.B. Barua hii imeandikwa na Batuli. Nilitaka kumpa Hilari kazi hii, nikakumbuka kwamba angewaandikia sina malalamiko. Batuli ameandika yote, hata ya kumsema yeye, kisha akanisomea bila kuruka. Basi mwacheni hapa hapa. Asubuhi amenipelekea posta barua nyingine, fupi, nayo nina hakika imeandikwa nilivyosema: Maua, mwanangu, njoo.