Kitambaa Nambari Kumi na Nne

Mwaka 1954 wakazi wa Mpanda walitangaziwa, mbele ya stesheni ya reli, kwamba kuanzia Jumatatu nguo zote za kale za wilaya zitapumzika katika makumbusho.

"Zimefanya kazi ya kutosha," alisema Bwana Hartley, Mkuu wa Idara ya Hifadhi ya Vitambaa vya Kale. Idara ilikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa karani Gaudensi, ambaye alitafsiri hotuba, kisha akaipigia makofi.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala la bati lenye mlango mmoja. Mbele vilitundikwa vitambaa. Nyuma, ukipita katikati ya vitambaa, ndiko kulikokuwa na meza ya Bwana Hartley.

Kitambaa nambari kumi na nne kililetwa na Bibi Specioza, mkunga wa mtaa wa Majengo; Dafrosa, mke wa Gaudensi, alikuwa mjukuu wake. Kilikuwa cha pamba, chenye mistari myeusi, na mama yake Bibi ndiye aliyekifuma kule Litapunga. Kila mtoto wa ukoo alipokelewa juu yake.

"Andika, mjukuu wangu: nguo ya kupokea watoto," alimwambia Gaudensi.

"Bibi, kwenye matumizi fomu ina nafasi nne tu. Mavazi, biashara, vita, hayajulikani."

"Kuzaa ni vita."

"Fomu inasema vita vya mikuki, Bibi."

Gaudensi akatia alama: hayajulikani. Alikuwa mtu wa kuheshimu fomu. Fomu haikasiriki, haisahau, wala haina shangazi.

Miezi miwili baadaye mimba ya Dafrosa ilifika mwezi wa tisa. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amezaliwa safarini, akapokelewa juu ya kanga ya kuazima, akaishi siku tatu. Gaudensi alijua kwamba kanga haiui mtu. Alijua pia kwamba mkewe alikuwa hali wala halali, na kwamba maelezo yake kuhusu kanga hayakuwa yamemshibisha. Akaomba kitambaa kitolewe kwa siku chache.

"Kanuni ya Saba," alisema Bwana Hartley. "Kitu cha makumbusho hakitoki nje ila kwa kibali. Ombi hujibiwa baada ya siku thelathini. Mwambie mkeo asubiri."

"Nimemwambia, Bwana."

"Akasemaje?"

"Alisema mtoto hajui kuhesabu, Bwana."

Siku ya ufunguzi wa makumbusho Bwana Hartley alikwenda stesheni kumpokea mgeni mkubwa kutoka Tabora, aliyekuwa ametunga kanuni zote kumi na mbili. Hotuba, miwani na kiko aliviacha mezani. Gaudensi alibaki mlangoni na ufunguo. Saa nne akamwona Bibi Specioza akija, Dafrosa kamshika bega, na nyuma yao jirani yao Felista, kabeba sufuria la maji ya moto.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Kutazama makumbusho," alisema Bibi.

"Hayajafunguliwa."

Dafrosa akashika mwimo wa mlango, akainama. Jasho lilimtiririka. "Gaudensi, fungua. Fungua, nakuomba."

Gaudensi akapitia kanuni kichwani, moja baada ya nyingine, kwa haraka asiyoizoea. Kanuni ya Saba ilikataza kitambaa kutoka. Haikukataza mtoto kuingia. Kanuni ya Tatu iliagiza kila kitu kitunzwe kwa desturi ya wenyewe. Akafungua.

Mgeni alipowasili, ghala lilikuwa kimya, na Gaudensi alisimama nje, mikono nyuma. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kama mtu aliyecheleweshewa kibali. Vigelegele vikafuata. Gaudensi akageukia ukuta wa bati, akausoma kwa muda, ingawa haukuwa na maandishi.

"Wa kike!" Felista akapaza sauti. "Mzima kabisa!"

Bwana Hartley akausogelea mlango. Bibi Specioza akausimamia, Gaudensi akatafsiri.

"Mwanamume haingii mpaka kitovu kikatike."

"Siku ngapi?"

"Saba. Pengine tisa. Kitovu hakina saa."

"Lakini ofisi yangu imo humo!"

"Mwenye mtoto kakaa nje, wewe mwenye meza una haraka gani?"

Bwana Hartley akamgeukia mgeni wake. Mgeni alikuwa akiandika, uso umemng'aa. "Kanuni ya Tatu!" alisema. "Hartley, haya ndiyo makumbusho ya kwanza ninayoyaona yakiitii. Usiguse chochote. Nitarudi na wenzangu." Akapanda treni na sifa zake.

Siku ya nne Bwana Hartley, bila miwani wala kiko, akiwa juu ya kreti chini ya upenu, alikubali kuomba kwa maandishi vitolewe, kama Kanuni ya Saba inavyotaka. Gaudensi alikuwa amebaki na fomu za vitambaa tu. Nyingine zote zilikuwa ndani. Akaandika: Jina, Hartley. Kilikotoka, ng'ambo. Hali, kimechakaa kidogo.

"Matumizi," alisoma, akamgeukia Bibi aliyekuwa mlangoni na mtoto mikononi, aliyefungwa katika kitambaa nambari kumi na nne. "Bibi, mavazi, biashara, vita, au hayajulikani?"

Bibi Specioza akamtazama Bwana Hartley kwa makini, kuanzia viatu hadi kofia. Alitaka kumtendea haki.

"Wewe ndiye unayefanya naye kazi," alisema. "Andika unachokijua."

Gaudensi akatia alama: hayajulikani. Akakausha wino, akampelekea atie sahihi. Bila miwani, Bwana Hartley akatia.