Kapteni Sukari Afungua Tawi

Sukari aliiona riziki yake siku shemeji yake alipokagua vitanda.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa ambayo watu wenye akili wamelala. Sukari alikuwa amejinyoosha kwenye sofa la dada yake, makao yake ya muda kwa mwaka wa pili sasa, aliposikia filimbi. Watoto watatu walitoka vyumbani mbio wakasimama mstari mmoja kwenye korido, mikono imebana mapajani. Shemeji, sajenti mstaafu aliyefundisha kwata maisha yake yote, akapita akichungulia mashuka.

"Hiki nini?" alimuuliza binti mkubwa.

"Mkunjo, afande baba."

"Tandua. Rudia."

Dada alikuwa jikoni, ameshika sufuria kama mtu anayetafuta kichwa cha kuipigia.

"Unaona?" alimwambia mdogo wake. "Tangu astaafu ndiyo maisha yetu haya. Jana kanipangia vijiko kwa urefu. Msichana wa kazi kaondoka, anasema yeye hakuomba jeshi. Mimi nilizoea mume wa likizo. Huyu wa kila siku sijui nimpeleke wapi."

Kila mwanamke ambaye mumewe amestaafu anamjua mume huyu, hata kama wake alikuwa karani wa posta. Ni yule anayefungua friji na kuuliza nani kaweka nyanya hapa.

Mtu mwingine angesema pole. Sukari aliketi wima.

"Wako wengi kama yeye mjini?"

"Wamejaa. Wake zao tunakutana saluni tunalia."

"Dada, hao watu wanahitaji shirika la kuwarudisha uraiani. Lisilo la faida."

"Wewe na kitu kisicho na faida mmejuana lini?"

"La faida litawatisha wafadhili."

Sukari alikuwa ameshamchagua mfadhili. Mama Magodoro, mwenye kiwanda kule barabara ya viwandani, alikuwa mjane wa mwanajeshi, na kila akihojiwa redioni aliuliza nani anawajali wanaume hawa wakishavua sare. Sukari aliazima suti, akanunua bereti ya mtumba, akaingia ofisini kwake kifua mbele.

"Kapteni mstaafu," alijitambulisha. Jeshi pekee alilowahi kulitumikia ni la wasio na kazi, lakini humo alikuwa na cheo cha juu sana. "Mama, askari anafundishwa miezi sita namna ya kuvaa buti. Namna ya kuzivua anafundishwa na nani?"

Mama Magodoro akatoa leso.

"Niwasaidie nini, kapteni?"

"Fedha taslimu zingetufaa zaidi."

"Fedha zina miguu," alisema mama, akijifuta macho. Machozi na biashara aliviweka droo tofauti. "Nitawapa mashine za useremala. Msumeno wa meza, randa ya umeme, keekee ya kutobolea mbao, jenereta. Na siku ya makabidhiano nataka kuwaona hao askari kwa macho yangu."

Sukari alihesabu haraka kichwani, akaona mashine nazo zina bei yake. Tatizo lilikuwa askari. Akarudi kwa dada.

"Niazime mumeo."

"Mchukue. Ukimrudisha mapema tutakosana."

Shemeji alikuja na wenzake sita: dereva wa malori, mpishi, fundi wa redio za vitani, na wengine watatu ambao wake zao waliwasindikiza hadi mlangoni kwa furaha isiyofichika. Walipangiwa ghala kuukuu nyuma ya gereji. Makabidhiano yalitia fora. Mama Magodoro alihutubia, akalia, akaagana na "kapteni" kwa mikono miwili. Gari lake lilipoishia kwenye kona, Sajenti alimgeukia Sukari.

"Ukapteni umeupata wapi?"

"Ni wa heshima tu, shemeji."

"Hakuna wa heshima. Umejitangaza mbele ya mama wa watu, kwa hiyo utakuwa. Mimi nimewatengeneza makapteni kutoka kwenye vitu vibaya kuliko wewe."

Kuanzia kesho yake Sukari alikimbia kuzunguka ghala kila alfajiri, suti imelowa. Aligundua pia kwamba jeshini ofisa hula baada ya askari wa mwisho kushiba, na askari wa mwisho kwenye kundi lile, yule fundi wa redio, hakuwa mtu wa kushiba. Sukari alivumilia. Mtu anayekaribia kupata haoni uchungu.

Jambo asilolitarajia ni kwamba shirika lilianza kufanya kazi. Sajenti alitengeneza stuli. Ilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye akaitengeneza upya, na mara ya tatu ikasimama. Jioni ile alirudi nyumbani akamwambia binti yake, "Habari za shule, mwanangu?" Mtoto akamtazama mama yake kama anayeomba mkalimani. Wiki iliyofuata mkunjo ulibaki kitandani siku nzima na hakuna aliyepigiwa filimbi. Dada alilala usingizi ambao hakuulala tangu mumewe akabidhi bunduki.

Ndipo alipoanza kuogopa. Alimjua mdogo wake tangu akiwa mtoto anayeuza madaftari ya shule aliyonunuliwa.

"Mashine zile," alimwambia Sukari, akimshika ukosi. "Mume wangu ameanza kuwa baba humu ndani. Ukiziuza, usinijue. Nikifa usije."

"Dada! Mimi?"

"Wewe."

"Naapa kwa bereti yangu."

Dada akamwachia. Usiku akazungumza na mumewe maneno machache, kisha akazima taa.

Mteja wa Sukari alikuwa Bwana Spea, aliyekuwa na uwanja mkubwa ng'ambo ya mji wenye ukuta mrefu na injini ambazo wenyewe bado walikuwa wanazitafuta. Walikubaliana kwamba mashine zifike Jumatano adhuhuri. Siku hiyo Sukari aliwapanga askari wake mbele ya lori la kukodi.

"Shirika linakua," alitangaza. "Leo tunafungua tawi jipya. Pakieni mashine, zitangulie. Ninyi mtafuata siku nyingine."

Walipakia kabla hajamaliza kufuta jasho. Kisha wote saba wakapanda juu ya lori, na dereva wa jeshi akamsogeza yule wa kukodi kwa upole wa mtu anayehamisha kabati.

"Nimesema mtafuata siku nyingine!"

"Mzigo hautembei bila ulinzi, kapteni," alisema Sajenti. "Panda. Utuelekeze."

Njia nzima Sukari alitunga uongo, lakini kila alioutunga ulikatika lori lilipokanyaga shimo. Walipofika, Bwana Spea mwenyewe alifungua geti, tabasamu hadi masikioni. Tabasamu lilidumu hadi aliposhuka askari wa tatu.

"Hawa nani?" alimnong'oneza Sukari.

"Wapakuzi. Wape chai wataondoka."

Hawakutaka chai. Sajenti alitembea uwanja mzima akiupima kwa macho, akanyoosha kidole: msumeno pale, randa kivulini, jenereta mbali na petroli. Mpishi akakoka moto. Mmoja akasimama getini na kuanza kuuliza wanaoingia shida yao. Injini zilisukumwa pembeni zikapangwa kwa ukubwa. Kabla chakula hakijaiva, msumeno ulikuwa unanguruma.

"Naita polisi!" Bwana Spea alifoka.

"Ukawaonyeshe nini kwanza?" Sukari alimuuliza, akizitazama zile injini.

Bwana Spea akafyata mkia. Sajenti akamsogelea.

"Huyu nani, kapteni?"

"Ni... mwenyeji wetu. Ametupa uwanja."

"Bure?"

"Bure," alisema Sukari, akikwepa macho ya Bwana Spea.

"Mungu ambariki. Mpeni ufagio."

Wakati huohuo gari la Mama Magodoro likapiga honi getini. Kando yake alikaa dada, kilemba kimefungwa kama mtu anayekwenda harusini. Mama Magodoro aliteremka, akaangalia uwanja, mashine na wanaume wanaofanya kazi, akashika kifua.

"Mwezi haujaisha mna tawi la pili! Kapteni, nilikushuku siku ya kwanza, unisamehe. Nitaongeza mashine. Ila kwa sharti moja: kiongozi kama wewe uishi hapahapa na watu wako. Godoro ninalo kwenye gari."

Askari wakapiga makofi. Bwana Spea naye alipiga, ufagio kwapani, maana aliona wanamtazama. Sukari akamvuta dada yake nyuma ya lori.

"Ulimwambia nini mumeo?"

"Nilimwambia amri utakayotoa, yoyote, aitekeleze hadi mwisho. Ukisema pakia, apakie. Ukisema tawi, afungue tawi, kisha anipigie simu nimlete mama. Uongo utakaousema nilijua utakuwa mzuri, tangu utotoni unasema mzuri."

"Dada, umeniuza!"

"Kukuuza ningepata kitu," alisema dada, akimnyooshea ukosi wa suti. "Nimekutoa msaada."